Barua kwa Mwanangu: Fedha ya Usajili

Mwanangu Salim,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mama yako barazani. Unasema wenzako wote wamenunua magari kwa fedha ya usajili, na wewe klabu ya mpira imekupa mkataba wa miaka miwili, hujui ufanye nini na hizo fedha. Halafu ukashusha sauti: "Baba, nisije nikaonekana mshamba."

Nitakujibu kwa habari ya goti langu. Kovu unalijua tangu utotoni, lakini mambo yaliyofuata sijawahi kukusimulia yote.

Nilikuwa na miaka 27, winga wa timu ya shirika moja la umma. Zama zile timu nyingi ziliegemea kazi. Pamba ya Mwanza ilitokana na zao la pamba, Reli ya Morogoro na watu wa reli. Ulipewa ajira kwanza, jezi ikafuata. Asubuhi nachomelea vyuma karakana, saa kumi jioni niko mazoezini. Siku niliyoumia pale Mkwakwani uwanja mzima ulinyamaza, nikabebwa watu wakiita jina langu. Wiki ya pili hospitalini walikuja wachezaji wawili. Wiki ya nne alikuja mama yako peke yake, na hatukuwa tumeoana bado. Viongozi waliahidi kunipeleka Dar kwa matibabu; gari la kunichukua halikufika. Baada ya miezi sita kijana mwingine alikuwa amevaa namba yangu, akishangiliwa kwa maneno yale yale niliyokuwa nikishangiliwa mimi. Sikumchukia. Nilirudi karakana nikichechemea, na hata shirika lilipobinafsishwa miaka ya 90 na timu ikafa nalo, mkono wangu ulikuwa unajua kazi. Mageti na madirisha ndiyo yaliyokusomesha.

Wewe huna karakana, Salim. Klabu yako inasajili miguu yako tu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mtazame Mbwana Samatta, unayempenda tangu uko darasa la tatu. Alikaa Lubumbashi, Kongo, miaka karibu mitano, akatwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akaenda Genk akatwaa ligi ya Ubelgiji. Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa ya Uingereza. Machi mosi akafunga kwa kichwa Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, nikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Septemba ya mwaka ule ule akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Miezi nane tu! Baadaye Antwerp, Genk tena, halafu PAOK ya Ugiriki, na huko akapata ubingwa mwaka 2024. Huyo amekuwa nahodha wa Taifa Stars, na bado upepo uligeuka mara zote hizo. Ninachomheshimia zaidi ni kwamba kila alipopelekwa alikuwa tayari kucheza.

Sasa mkataba. Usisaini karatasi usiyobaki na nakala yake. Angalia imeandikwa nini kuhusu matibabu ukiumia, na nani analipa mshahara ukiwa nje ya uwanja. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili kinyume cha mkataba, unaidai kwa maandishi na kuipa angalau siku 15. Isipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Vijana wengi huondoka kambini kwa hasira bila kuandika chochote, kesho yake wao ndio wanaohesabiwa watoro.

Gari usinunue. Siwalaumu wenzako, hakuna aliyewaambia. Kuna kiwanja Pongwe, nimekwenda kukiona kwa macho yangu na nimekutana na majirani wa pande zote nne. Fedha inayobaki iweke ada ya chuo, ufundi wowote utakaoupenda, masomo ya jioni au ya likizo ya ligi. Kama ni umeme, kama ni ukocha, mimi sichagui. Na kwa miezi ya mwanzo panda daladala na wanaokushangilia, hawatakucheka.

Mjomba wako amekwishapiga simu kuhusu pikipiki. Nimemwambia fedha bado haijatoka, nawe useme hivyo hivyo. Bibi yako peke yake mtumie kitu, hata kidogo, maana amekuombea dua tangu unacheza peku.

Usisaini kabla ya Jumatatu. Nitapanda basi la alfajiri, tukae tuusome mkataba pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Miwani yangu ninayo.

Baba yako,
Tanga