Maswali yenu: asidi na chembe nano za wanga

Nimetengeneza chembe nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) za wanga wa muhogo kwa asidi ya hidrokloriki, lakini zinatuama upesi. Mwenzangu alitumia salfuriki na zake bado zinaelea. Kwa nini? (Mwanafunzi, Maseno)

Tafuta jibu kwenye uso wa chembe. Asidi zote mbili hula kwanza sehemu legelege za punje ya wanga, ambako minyororo ya wanga haikujipanga, zikabaki zile sehemu ngumu za fuwele. Salfuriki huenda mbali zaidi: hupachika vikundi vya salfeti usoni. Vikundi hivyo vina chaji hasi, kwa hiyo chembe husukumana na kubaki zimetawanyika majini. Hidrokloriki haiachi kitu cha namna hiyo. Chembe zikikutana hushikana, rundo likawa zito, likazama.

Pima potensheli ya zeta, yaani kipimo cha nguvu ya chaji usoni mwa chembe. Ikipita milivolti 30, iwe hasi au chanya, kwa kawaida mchanganyiko hudumu. Ikikaribia sifuri, tegemea mashapo.

Nakusihi pia uoshe chembe zako mpaka maji yasionyeshe asidi tena, wala usizikaushe bila sababu. Zikishakauka zikashikana, ni vigumu mno kuzitenganisha. Na zile za salfuriki zina udhaifu wake: zikiwa kavu, salfeti huzifanya ziharibike kwa joto la chini kuliko za hidrokloriki.

Sisi huloweka muhogo mpaka uchachuke. Je, hapo tunapata chembe hizo? (Mkulima, Busia)

Hapana. Asidi ya laktiki inayotokana na kuchachuka ni dhaifu, hukwaruza punje tu. Kwenye maabara, njia moja inayojulikana sana, ya wanga wa mahindi ya aina iitwayo “ya nta” (waxy), hutumia salfuriki ya moli 3.16 kwa lita, nyuzi 40 za Selsiasi, kwa siku 5. Lakini msiache kuloweka! Ndiko kunakopunguza sumu ya sayanidi kwenye muhogo mchungu.

Naweza kuzitia kwenye sharubati ili isijitenge? (Mfanyabiashara, Kisumu)

Usiuze kitu kama hicho kabla usalama wake haujapimwa. Hata kiufundi kuna vikwazo: chumvi na madini huzingira chaji za chembe, msukumano ukapungua, zikashikana. Ukichemsha, zinavimba na kuyeyuka kama wanga wa uji. Mimi ningefuatilia asidi ya sitriki, ile ya ndimu. Ikipashwa joto pamoja na wanga mkavu hujifunga kwenye minyororo, huiunganisha, na huacha vikundi vya kaboksili vinavyoweza kubeba chaji hasi. Ila kwenye kinywaji kichachu sana chaji hiyo hufifia.

Nitawaonyeshaje wanafunzi wa sekondari kazi ya asidi? (Mwalimu, Nakuru)

Pasha moto uji mwepesi wa wanga pamoja na hidrokloriki iliyozimuliwa, ukichota matone kila baada ya dakika chache, uyaache yapoe, kisha uyatilie ayodini. Rangi ya buluu-nyeusi itafifia kadiri minyororo inavyokatika. Miwani ya kinga ivaliwe, na unapozimua, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.