Muulize Fundi: Kwa gridi kinapoza, kwa jenereta kinanguruma

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninasimamia ukumbi wa harusi na mikutano hapa Morogoro. Mwaka jana wenye ukumbi walifunga viyoyozi viwili vikubwa juu ya paa, vile ambavyo kila kitu kimo ndani ya sanduku moja, kila kimoja cha uwezo wa kupoza wa tani 10. Umeme wa gridi ukiwepo ukumbi unapoa vizuri. Ukikatika tukawasha jenereta, vinanguruma kama mashine ya kusaga, upepo unakuwa hafifu na joto halishuki. Baada ya muda kompresa zinajizima, kisha zinaanza tena. Fundi alisema gesi imepungua, akaongeza, lakini hali ni ile ile. Zamani kwa jenereta vilikuwa haviwaki kabisa, mpaka fundi huyo alipokiruka kwa waya kile kidude kinachozuia. Ili kubana matumizi, mlinzi huzima breka ya viyoyozi kila usiku na kuiwasha asubuhi. Je, tununue kompresa mpya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu bado. Kile kidude kilichorukwa ndicho kilichokuwa kinakwambia ukweli, na kimenyamazishwa.

Kinaitwa rilei ya fezi. Mtambo wako unatumia umeme wa njia tatu, kila njia ikiitwa fezi, na nyaya hizo tatu zina mpangilio: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpangilio ukigeuka, mota zinazunguka kinyume. Rilei ikiona hivyo inakata umeme wa amri, ule mdogo wa volti 24 unaotoka kwenye themostati (kile cha ukutani cha kuchagua kiasi cha ubaridi) kwenda kwenye kontakta, yaani swichi kubwa inayowasha kompresa, na kompresa haiwaki. Kwa hiyo viyoyozi vilipokataa kuwaka kwa jenereta havikuwa vibovu. Kwa dalili ulizoandika, nina hakika kubwa kwamba nyaya mbili za jenereta zilifungwa kwa kubadilishana nafasi.

Angalia mwenyewe dalili hizo. Kompresa za mitambo ya ukubwa huo mara nyingi ni za skroli, yaani vipande viwili vilivyojikunja kama konokono, na skroli hukandamiza gesi ikizunguka upande mmoja tu. Ikizunguka kinyume inapiga kelele, presha ya upande wa kunyonya haishuki, ya upande wa kusukuma haipandi, na inachemka mpaka kinga yake ya ndani ikate. Ikipoa inajaribu tena. Huko ndiko kuzima na kuwaka unakokuona. Na ule upepo hafifu? Feni ya ndani ni ya gurudumu, na gurudumu likizunguka kinyume bado linasukuma hewa kuelekea mbele, ila kidogo mno. Mafundi wengi hudanganywa hapo: wanaweka mkono, wanasikia upepo, wanasema feni ni nzima.

Mwite fundi umeme aliyesajiliwa, aje na kipimo cha mzunguko wa fezi. Apime kwenye swichi ya kubadilishia umeme, upande unaokwenda kwenye mzigo, yaani vifaa vinavyotumia umeme, kwanza kwa gridi halafu kwa jenereta. Vikitofautiana, abadilishe nyaya mbili upande wa jenereta, ikiwa imezimwa na kufungwa isiweze kuwashwa na mtu mwingine. Asibadilishe kwenye kiyoyozi! Akifanya hivyo kitakuwa sawa kwa jenereta na kinyume kwa gridi. Kisha rilei irudishwe mahali pake siku hiyo hiyo, mbele ya macho yako.

Akiwa hapo hapo apime na volti kati ya nyaya zote tatu. Tuseme anapata 402, 410 na 388. Wastani ni 400, na iliyoachana zaidi na wastani imeachana kwa 12, yaani asilimia 3. Watengenezaji wengi hawataki ivuke asilimia 2, kwa sababu tofauti ndogo ya volti huleta tofauti kubwa ya mkondo na joto ndani ya mota. Kwenye jenereta sababu huwa ni taa na majiko ya umeme yaliyorundikwa kwenye fezi moja. Yagawanywe.

Sasa suala la mlinzi, maana hili linaniuma zaidi kuliko jenereta. Kwa kawaida chini ya kompresa za ukubwa huo huwa kuna hita ndogo inayopasha oili joto mtambo ukiwa umelala. Breka ikizimwa, hita nayo inazimika. Usiku paa linapoa, ukumbi chini bado una joto, na gesi huhamia palipo baridi zaidi: ndani ya tumbo la kompresa, ikachanganyika na oili. Asubuhi mlinzi anapandisha breka, kompresa inaruka, oili inatoka povu, beringi zinazunguka bila kulainishwa. Haifi siku hiyo. Hufa taratibu, na siku ikifa wote husema ni umeme.

Nilijifunza hilo juu ya paa la duka moja Ruwi, kule Muscat, nikiwa kijana. Ilikuwa Agosti, mwenye duka anapiga kelele, nami nikawasha mtambo uliokaa bila umeme wiki nzima. Saa 24 za kungoja hita ipashe oili joto niliona ni anasa. Nikairuka na swichi ya presha ndogo, ile inayozima mtambo presha ikishuka mno, kwa sababu ilikuwa inanikatia. Kompresa ilikaa siku chache tu. Bado nakumbuka harufu ya ile oili iliyoungua nilipofungua bomba, na tangu siku hiyo sijaruka swichi ya kinga kwa zaidi ya dakika za kupima.

Kwa hiyo usiku zimeni kwa themostati, breka ibaki juu. Rilei ikisharudi, washeni hivi. Umeme uwepo saa 24 huku themostati ikiwa imezimwa. Chujio ziwe safi, mkanda wa feni usilegee. Anza na feni peke yake, uone inazunguka kufuata mshale. Ndipo uombe ubaridi, hatua ya kwanza kati ya mbili za kupoza. Usishtuke kompresa isipowaka papo hapo. Kidhibiti huisubirisha, mara nyingi dakika 3 hadi 5, ili presha za pande mbili zilingane. Watu hubonyeza na kubonyeza wakidhani imekwama, na kila mara umeme ukikatwa muda huanza kuhesabiwa upya. Ikishatulia kwa robo saa, pima hewa inayorudi na inayotoka: tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 ni nzuri, ingawa siku ya unyevu mwingi hupungua. Halafu hatua ya pili.

Mitambo yako ni miwili, basi mmoja uwekewe muda mrefu zaidi wa kungoja. Zikiamka kompresa zote pamoja, jenereta itazama na taa za bibi harusi zitafifia.

Gesi yote iliyomo, pamoja na ile iliyoongezwa, itolewe kwa mashine ya kunyonyea, si kuachiwa hewani, kisha ijazwe kwa mizani kufuata kilo zilizoandikwa kwenye bamba la mtambo. Ilikuwa kamili tangu kiwandani.

SWALI: Salamu sana, Mzee. Mimi ni Mkongomani, natunza kanisa letu hapa Columbus, Ohio. Mashine ya juu ya paa, upande wa joto, inajaribu kuwaka mara tatu kisha inanyamaza. Nikizima na kuwasha umeme, inajaribu tena. Niendelee hivyo?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Upande wa joto huchoma gesi ya moto, nao huwaka kwa mpangilio: kwanza kifeni cha moshi kinazunguka, swichi inathibitisha moshi una njia, kiwashio kinawaka, vali ya gesi inafunguka, na kijiti kidogo kinahisi mwali. Kijiti kikichafuka, mwali unawaka na kidhibiti hakiuoni, kinafunga gesi. Inaweza pia kuwa theluji imeziba tundu la moshi, au gesi yenyewe haifiki. Nyuma ya kifuniko kuna taa inayopepesa: hesabu ilivyopepesa, linganisha na karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa mashine, umpe namba hiyo fundi mwenye leseni ya gesi. Atakuja akijua pa kuanzia. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi wala simu ukiwa ndani. Toa waumini wote nje, nenda mbali na jengo, ndipo upige 911.