Uchumi au saikolojia? Nilivyopita mimi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM)

Mdogo wangu, umesema una EGM (uchumi, jiografia na hisabati) na kinachokuvuta ni kujua kwa nini watu hufanya vituko na pesa zao. Chukua uchumi, saikolojia iongezee kwa kozi za hiari na kusoma mwenyewe. Usikeshe kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ukitafuta shahada yenye jina "uchumi wa tabia", yaani uchumi uliochanganywa na saikolojia. Ni kweli Daniel Kahneman aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2002 alikuwa mwanasaikolojia, ila makala yake na Amos Tversky ya 1979 ilitoka kwenye jarida la Econometrica, na ina hesabu. Hapo EGM itakubeba.

Mwaka wa kwanza utachoka. Mtu wa kwenye vitabu vya uchumi hakosei hesabu wala hana tamaa, wakati bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiingia hosteli nzima ni chipsi kuku, na mwezi haujaisha watu wanakopana unga. Vumilia tu.

Utamu niliuonja kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho, nilipokwenda Kibaigwa kwa wakulima wa mahindi. Wengi huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Darasani tungesema wanapenda cha leo kuliko cha kesho. Nikamuuliza mzee mmoja swali la kwenye dodoso: uchukue laki mbili leo, au laki mbili na nusu mwezi ujao? Akanitazama. "Mjukuu wangu, huo mwezi ujao nitakupata wapi?" Swali lilitakiwa kupima subira, kumbe yeye anapima kama mimi ni mtu wa kuaminika! Na ada ya shule haingojei bei ipande. Hapo ndipo saikolojia inapokusaidia, kujua dodoso lako linauliza nini hasa.

Watafute wachumi Duflo, Kremer na Robinson, makala yao ya 2011 kuhusu mbolea magharibi mwa Kenya. Mkulima akiuziwa mbolea mara tu baada ya kuvuna, mfuko ukiwa bado na kitu, na akafikishiwa bure, wanaonunua wanaongezeka. Soma walivyogawa makundi yao, ni shule tosha.

Ajira zenye jina la "uchumi wa tabia" usizitegemee kuziona kwenye matangazo. Tafuta za utafiti na tathmini ya miradi, huko wanauliza kama unajua Stata, programu ya kuchambua takwimu. Anza nayo mwaka wa pili.