Maswali ya Wasomaji: Chaparali na miteremko ya pwani ya California

SWALI: Ninaishi chini ya milima ya Santa Monica. Vichaka vya bondeni ni laini, vinanukia, na kiangazi hupukutika. Vya juu zaidi ni vigumu na havipotezi majani. Je, vyote ni chaparali?

JIBU: Hapana. Vinavyonukia ni jamii nyingine, vichaka vya pakanga, ambayo mimea yake mikuu ni pakanga ya California (Artemisia californica), Salvia mellifera na Encelia californica. Mizizi yake haiendi chini sana, hivyo udongo wa juu ukikauka mimea hiyo hudondosha majani na kusubiri mvua za majira ya baridi. Chaparali, yaani vile vichaka vigumu vya juu, ina majani madogo, mazito, magumu kama ngozi, na mizizi inayopenya nyufa za miamba. Ukikunja jani la pakanga hulegea vidoleni. La manzanita, kichaka cha chaparali, hukatika.

Usitegemee mwinuko peke yake, ingawa kwa kawaida pakanga hutawala chini na chaparali juu. Tazama mteremko unaelekea wapi na umekaa juu ya udongo gani. Unaoelekea kusini huchomwa na jua, na hapo chamisi (Adenostoma fasciculatum) hutawala. Unaoelekea kaskazini hutunza unyevu, ndiyo maana utakuta vichaka vya Ceanothus spinosus na toyoni, na mialoni mifupi. Penye udongo wa mfinyanzi pakanga hupanda juu zaidi. Penye miamba iliyopasuka chaparali hushuka hadi karibu na bahari, hasa Ceanothus megacarpus. Tafuta pia kichaka cha Malosma laurina. Haivumilii baridi ya kugandisha, na wakulima wa michungwa wa kusini mwa California waliitumia kutambua ardhi isiyopata barafu.

SWALI: Nasikia chaparali huhitaji moto. Basi si vizuri kuichoma kila baada ya miaka michache?

JIBU: La, na kauli hiyo inaponza vilima vingi. Chaparali hustahimili moto unaokuja kwa nadra, takribani kila baada ya miaka 30 hadi 150. Chamisi na toyoni huchipua upya kutoka kwenye shina lililovimba ardhini. Ceanothus megacarpus hufa kabisa, na uhai wake hubaki kwenye mbegu zilizolala udongoni, ambazo ganda lake hupasuliwa na joto la moto. Mbegu za ua la porini Emmenanthe penduliflora huamshwa na moshi.

Sasa fikiria moto wa pili ukija mapema. Mbegu za Ceanothus zimekwisha kuota, na miche huhitaji miaka kadhaa, mara nyingi 5 au zaidi, kabla ya kuanza kurudisha akiba ya mbegu udongoni. Ikiungua kabla ya hapo, hakuna kitakachoota. Chamisi nayo hutumia wanga uliohifadhiwa kwenye shina lake, na ikichomwa mara kwa mara hudhoofika. Pengo hilo hujazwa na nyasi za kigeni kama Bromus rubens, pamoja na haradali nyeusi. Hukauka mapema, hushika moto kwa urahisi kuliko vichaka, na hivyo huuita moto unaofuata. Kilima kikishageuka nyasi, kukirudisha ni kazi ngumu mno.

SWALI: Mteremko nyuma ya nyumba umeungua wote. Nimwage mbegu za nyasi zinazoota haraka ili udongo usiporomoke?

JIBU: Tafadhali usimwage. Nyasi ya Lolium multiflorum ilimwagwa California kwa miongo mingi kwa nia hiyohiyo. Mvua kubwa mara nyingi hufika kabla mizizi yake haijashika. Na ikiota vizuri, hunyang'anya maji miche ya asili, kisha hugeuka kuni kavu.

Tumia mafurushi marefu ya mabua ya mpunga yaliyofungwa kwenye wavu. Yalaze kwa kukingama mteremko, ndani ya mfereji wa sentimita 8 hadi 12, na vigingi kila mita 1.2. Furushi lisipogusa ardhi kote, maji hupita chini yake na kuchimba korongo. Usikanyage mteremko bila sababu, wala using'oe visiki vyeusi. Vipe angalau misimu miwili ya mvua. Haradali ing'oe kabla haijatoa mbegu.

Mafurushi haya hupunguza mmomonyoko tu. Hayazuii maporomoko ya matope kama yale ya Montecito, California, ya tarehe 9 Januari 2018, yaliyoua watu 23 wiki chache baada ya moto mkubwa wa nyika ulioitwa Thomas kuanza. Ukiamriwa kuhama, hama.

SWALI: Nilipanda Ceanothus, nikamwagilia kiangazi chote, bado ikafa. Kwa nini?

JIBU: Inaelekea maji ndiyo yaliyoiua. Udongo wenye joto na unyevu kwa pamoja hustawisha Phytophthora, vimelea vinavyoozesha mizizi. Panda kati ya Novemba na Januari, shingo ya mche ikiwa sentimita 2 juu ya ardhi, bila mbolea. Haiihitaji, kwa kuwa mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni hewani. Kiangazi cha kwanza mwagilia kwa kina mara moja kwa mwezi, asubuhi, siku isiyo na joto kali. Mche ukinyauka ilhali udongo una unyevu, usiongeze maji.