Maswali ya Wasomaji: Njia za Kukimbia Kati ya Mifereji na Mashamba

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehamia katika eneo tambarare la mashamba linalokatwa na mifereji ya maji. Awali nilizoea kukimbia kwenye vilima, hivyo nilitarajia kwamba huku mazoezi yatakuwa mepesi. Ajabu ni kwamba wakati wa kwenda hukimbia vizuri, lakini wakati wa kurudi huwa hoi, na goti langu la kulia limeanza kuuma upande wa nje. Tena mara kwa mara njia huniishia kwenye maji, pasipo na mahali pa kuvukia. Nipangeje njia nzuri ya kilomita nane hivi?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote. Katika eneo la mifereji, njia hupangwa kwa kufuata madaraja. Fungua ramani ya picha za setilaiti kwenye simu yako, kisha utie alama kila mahali mtu anapoweza kuvuka kwa usalama, yaani madaraja na makalavati yenye barabara juu yake. Vijia vyembamba vilivyo juu ya malango ya maji usivihesabu. Vimewekwa kwa ajili ya wanaofungua na kufunga maji, mara nyingi huwa na utelezi, na hapo ndipo maji huvuta kwa nguvu zaidi. Ukishapata madaraja mawili yaliyo umbali wa kilomita nne hivi, tayari una njia yako: utakwenda kwa ukingo mmoja, utavuka, na utarudi kwa ukingo wa pili. Likiwapo daraja jingine katikati, ni bora zaidi, maana siku ambayo mwili umekataa unaweza kukatisha na kurudi nyumbani mapema.

Kabla ya kuikimbia njia hiyo, ipite kwanza kwa miguu au kwa baiskeli. Ramani haikuonyeshi geti lililofungwa kwa kufuli wala mtaro mdogo unaoingia kwenye mfereji na kuukata ukingo vipande viwili.

Sasa tuje kwenye uchovu wa kurudi, ambao nadhani sababu yake ni upepo. Mahali pasipo na vilima wala miti, upepo hauzuiwi na kitu, na nguvu yake juu ya mwili huongezeka haraka kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu hufuata mraba wa kasi, yaani kasi ya hewa ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Chukua mfano wa mtu anayekimbia kilomita 10 kwa saa. Siku ya shwari, hewa humpiga kwa kasi hiyohiyo ya 10. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukimjia usoni, hewa humpiga kwa kasi ya 30, na ukinzani anaousukuma huwa mara tisa ya ule wa siku ya shwari. Akigeuka, upepo huohuo humsukuma mgongoni kwa kasi ya 10 tu. Anachokipoteza upande mmoja hakirudishiwi chote upande wa pili. Wewe huenda huanza safari ukiwa umesukumwa, ukajiona una nguvu nyingi, kisha ukalipa deni lote wakati miguu imekwisha kuchoka.

Basi, kabla hujatoka, angalia nyasi na majani ya mimea yanalalia upande gani, na uanze kwa kuukabili upepo. Katika nusu hiyo ya kwanza isahau saa. Kimbia kwa kiasi cha kuweza kutamka sentensi nzima bila kuhema, hata kama mwendo utakuwa wa polepole kuliko kawaida yako. Mkiwa wawili, pokezaneni kukaa mbele. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia kwenye barabara tambarare na bado alizungukwa na wakimbiaji waliopangwa mahsusi kumkinga na hewa. Tahadhari moja kuhusu kurudi: upepo wa mgongoni wenye kasi sawa na yako hufanya hewa isimame kabisa kuzunguka mwili, jasho halikauki, na siku ya jua kali unaweza kupata joto la hatari bila kutambua. Katika mashamba yasiyo na kivuli, alfajiri ndiyo saa yako.

Kuhusu goti, tazama njia yenyewe. Barabara nyingi hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji ya mvua yashuke pembeni, na njia za juu ya tuta nazo huinamia majini au shambani. Anayekimbia kwenye mwinamo huo kwa muda mrefu huwa na mguu mmoja unaokanyaga chini kuliko mwingine, na jambo hilo huweza kuzikera kano za upande wa nje wa paja na goti. Hapa ndipo njia ya kuzunguka niliyokupendekeza ina kasoro yake: ukienda kwa ukingo mmoja na kurudi kwa mwingine, maji hubaki upande uleule wa mwili wako tangu mwanzo hadi mwisho, na mwinamo pia hubaki uleule. Kwa hiyo badilisha mwelekeo wa mzunguko kila unapotoka, au siku nyingine rudi kwa ukingo uleule uliokwendea. Zaidi ya hayo, tambarare hurudia hatua ileile maelfu ya mara, tofauti na vilima vilivyokuwa vikiibadilisha bila wewe kutaka. Tembea kidogo kila ufikapo darajani, kisha uendelee kwa mwendo ulio tofauti kidogo. Goti likivimba, au likiuma hata unapotembea, acha kukimbia na umwone daktari.

Maji yenyewe yanahitaji heshima kubwa. Mfereji uliojengwa kwa zege huonekana umetulia, lakini kuta zake huwa na mwani unaoteleza na mara nyingi hazina pa kushika, hivyo hata anayejua kuogelea huweza kushindwa kutoka. Kimbia hatua kadhaa mbali na ukingo, hasa gizani na baada ya mvua. Akitumbukia mtu au mbwa, usijirushe kumfuata. Mnyooshee tawi, kamba au nguo huku umelala kifudifudi, na uite msaada. Usinawe uso wala kulowesha miguu humo, kwa kuwa maji ya mashambani huweza kubeba mbolea na viuatilifu, na katika nchi nyingi za joto konokono wa maji baridi hueneza kichocho, ambacho huingia mwilini kupitia ngozi.

Usisahau radi pia. Juu ya tuta katikati ya mashamba, wewe ndiwe kitu kirefu kuliko vyote. Sauti huchukua takribani sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Zikipita chini ya sekunde 30 kati ya mwako na ngurumo, mvua ya radi iko ndani ya kilomita 10. Ingia kwenye jengo imara au ndani ya gari, na usubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

SWALI: Mimi hukimbia asubuhi kwenye vijia vya mashambani. Juzi mkulima alinisimamisha na kunikaripia, ingawa sikuharibu chochote. Je, nina haki ya kupita?

JIBU: Sheria za kupita kwenye ardhi ya mtu hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo ulizia kwa mamlaka ya eneo lako. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba uende kwa mkulima huyo wakati ambao hukimbii, umsalimie, umweleze unapita saa ngapi na wapi, na umwulize ni upande gani asingependa ukanyage. Huenda alikuwa na sababu usiyoiona. Mbegu iliyopandwa wiki iliyopita haionekani juu ya udongo, nawe unapoona ardhi tupu, yeye anaona mazao yake.

Pita ukingoni mwa shamba, kamwe usikatishe katikati. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi. Ng'ombe mwenye ndama mpe nafasi kubwa, tena kwa kutembea. Ukiona dawa inapulizwa, geuza. Usijaribu kuwahi kupita, kwani matone madogo huchukuliwa na upepo hadi mbali. Mahindi yanapokuwa marefu kuliko mtu, dereva wa trekta hawezi kukuona kwenye njia panda, kwa hiyo punguza mwendo na uondoe spika za masikioni kabla hujafika hapo. Msimu wa mvua uache udongo wa mfinyanzi upumzike: hugandamana chini ya viatu mpaka kila mguu unakuwa mzito na mpana, kifundo hupinduka, na mashimo unayoyaacha hukauka na kumwangusha mwingine. Hamia kwenye njia ya changarawe mpaka pakauke.

SWALI: Nimejiandikisha kwa mbio za barabara yenye milima, lakini ninakoishi hakuna hata kichuguu. Nifanyeje?

JIBU: Tafuta tuta refu la mto au daraja lililoinuka. Baada ya kupasha mwili moto, panda kwa nguvu kwa hatua fupi, shuka kwa kutembea, na urudie mara sita hadi nane, siku moja kwa wiki. Kwa kuwa mteremko huo ni mfupi, nenda pia siku nyingine ukaukabili upepo mkali kwa dakika chache chache, kwa juhudi ileile ya kupanda mlima. Upepo hautakufundisha kushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza mapaja ya watu wa tambarare siku ya mbio. Kwa hiyo wiki chache kabla ya mbio anza kushuka tuta lako kwa kukimbia taratibu, mara mbili tatu mwanzoni, ukiongeza kadiri maumivu ya misuli yanavyopungua.