Gari linawaka leo, kesho linagoma: lipime likiwa limegoma

Umesema gari ni la petroli, gia otomatiki, linawaka vizuri siku kadhaa kisha linagoma ghafla, na ukiliacha nusu saa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Betri ni mpya, plagi ni mpya, na sasa fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta. Mzuie kwanza. Hujasema jambo linaloamua mengine yote: likigoma, stata inazungusha injini au haizungushi? Injini isipozunguka, si pampu wala plagi, hata ukifunga mpya mara tatu. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki, achana na stata.

Hiyo nusu saa nayo inasema kitu. Betri iliyoisha haijichaji yenyewe gari likiwa limesimama. Kinachopona kwa kusubiri mara nyingi ni kitu kilichopata joto kikapoa, au muunganisho uliolegea ukagusana tena.

Tuanze na injini isiyozunguka. Washa taa za mbele, geuza ufunguo, sikiliza. Ukisikia "tatatata" ya haraka na taa zinafifia, umeme haufiki wa kutosha: betri iko chini au terminali imelegea. Ukisikia "tak" moja nzito, solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) imevuta lakini mota ya stata haizunguki. Kukiwa kimya na taa ziko vilevile, amri ya ufunguo haifiki kwenye stata.

Betri kuwa mpya si sawa na kuwa imejaa. Ikipumzika saa kadhaa inapaswa kusoma kama volti 12.6, 12.2 ni nusu tu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, usomaji wa 13.8 hadi 14.5 unaonyesha oltaneta inachaji, ingawa magari yenye uchaji unaosimamiwa na kompyuta huweza kushuka chini ya hapo kwa muda bila kuwa na kosa.

Kipimo ambacho wengi hawakifanyi, na ndicho chenye majibu, ni upotevu wa volti kwenye nyaya nene. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya risasi ya hasi, si kile kichwa cha waya kilichoikaba; ncha ya pili iguse chuma kisafi cha injini. Mtu apige stata sekunde tano. Ikizidi volti 0.2, waya wa hasi au mahali ulipofungwa pana tatizo. Kisha upande wa chanya: nguzo ya betri hadi bolti nene ya stata, isizidi 0.5. Ikizidi, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, pima tena. Usiridhike kwa kutazama tu. Waya unaweza kuwa msafi nje huku ndani ya ganda la plastiki umeliwa na kutu ya kijani, na mita ya ohm (ukinzani) itasema ni mzima kwa sababu inapitisha umeme kidogo mno. Stata inavuta ampea mia na zaidi. Udhaifu huonekana mzigo huo ukipita.

Nyaya nene zikiwa salama, nenda kwenye waya mwembamba wa solenoidi, ule unaoleta amri ya ufunguo. Gari likiwa limegoma, ufunguo ukiwa umegeuzwa, pawe na volti 10 au zaidi. Zipo na stata haizunguki? Stata ndiyo mbovu. Igonge kidogo kwa mpini wa spana wakati mwenzako ameshikilia ufunguo. Ikizunguka, kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota) zimeisha au shaba za ndani ya solenoidi zimelika. Stata nyingi za Denso zinakubali kubadilishwa hizo shaba peke yake, kwa hiyo usikimbilie kununua stata nzima. Kugonga ni kipimo, si matengenezo. Na usiunganishe stata moja kwa moja kwa bisibisi: gari likiwa kwenye gia litaondoka nawe mbele yake.

Volti hazipo kwenye waya mwembamba? Weka gia N ujaribu tena. Likiwaka N na kugoma P, ni swichi ya gia au marekebisho ya kebo yake. Hakuna tofauti? Badilishana rilei (swichi ndogo ya umeme) ya stata na nyingine yenye namba ileile, kwa mfano ya honi, kisha fuata swichi ya ufunguo. Taa ya kufuli au ufunguo kwenye dashibodi ikimetameta kuliko kawaida, huenda gari haliutambui ufunguo; jaribu wa akiba.

Sasa injini inazunguka vizuri ila haishiki. Kwa dalili yako ya kupona baada ya nusu saa, hasa kama hugoma ukizima ikiwa ya moto, mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta jinsi injini inavyozunguka. Ikipata joto waya wake wa ndani hukatika, ikipoa huungana. Bila sensa hiyo, magari mengi hayatoi cheche wala hayafungui injekta. Unganisha mashine ya kusomea gari, tazama mizunguko kwa dakika wakati stata inapigwa. Inapaswa kuonyesha kama 150 hadi 250. Ikisoma sifuri huku injini inazunguka, chunguza sensa hiyo, soketi yake na nyaya zake. Mwagia sensa maji ya baridi kidogo kidogo, ukiweka mikono mbali na feni. Gari likiwaka papo hapo umepata jibu. Msimbo P0335, wa kosa la sensa ya krenki, huenda usijiandike kabisa, kwa hiyo fundi akikwambia "mashine haioni kosa", hajathibitisha chochote.

Mizunguko ikisomeka, ndipo pampu ipate zamu yake. Geuza ufunguo hadi ON bila kupiga stata. Kwenye magari mengi utasikia mvumo wa sekunde mbili kutoka kwenye tangi. Kimya? Pima umeme kwenye soketi ya pampu mwenzako akipiga stata. Umeme upo na pampu haivumi, pampu imekufa, mradi waya wake wa hasi ni mzima; umeme haupo, ni fyuzi, rilei au waya. Rilei yenye lehemu iliyopasuka ndani hugoma gari likikaa juani, na dalili zake hufanana kabisa na za sensa. Mvumo upo lakini unapiga stata muda mrefu? Fungua na funga ufunguo mara mbili tatu kabla ya kupiga; likiwaka mara moja, presha inavuja injini ikizimwa. Injini nyingi za petroli zenye injekta za kawaida hutaka presha ya mafuta ya karibu bar 3, lakini angalia kitabu cha gari lako. Kwenye dizeli ya komon-reli au petroli inayopuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda, usifungue bomba lolote la presha ya juu.

Gari likikataa kugoma mbele ya fundi, mtego ni rahisi. Chukua balbu mbili ndogo za volti 12. Moja iunganishwe na waya mwembamba wa solenoidi, nyingine na waya chanya wa pampu. Kila waya uwe na fyuzi ya ampea 1 karibu na ulipochomekwa, upande wa pili wa balbu uende kwenye hasi, kisha zipitishe hadi ndani zikae unapoziona. Siku likigoma usiguse kitu. Geuza ufunguo uzitazame. Ya stata ikiwaka na injini imetulia, fungua stata. Isipowaka, rudi kwenye rilei na swichi. Injini ikizunguka na ya pampu imezima, angalia kama mizunguko inasomeka kabla ya kulaumu rilei, kwa sababu kompyuta nyingi hukata pampu zisipoona ishara ya krenki.