Kidevu kinachowaka baada ya leza ya ndevu

Dada, ukishaondolewa ndevu za kidevu kwa leza (mwanga unaounguza mizizi ya nywele), vijipele kuzunguka vinyweleo na ngozi kuwaka siku ya kwanza na ya pili ni kawaida. Kwetu wenye ngozi nyeusi, wekundu hauonekani sana. Utausikia kwa joto. Kanda na kitambaa safi chenye maji baridi dakika 10, mara tatu nne kwa siku. Barafu tupu usiibandike, nayo inaunguza. Kisha losheni nyepesi isiyo na manukato. Skrabu, limau na mkorogo (hasa mkorogo!) weka kando. Vinukta vyeusi ni nywele zilizoungua, zitadondoka zenyewe ndani ya wiki mbili, usizing'oe. Jua ndilo linaloacha madoa ya miezi: paka sanskrini (losheni ya kukinga jua) yenye kiwango cha kinga, SPF, 30 kwenda juu. Ukiona malengelenge, usitumbue, rudi kwa daktari wa ngozi.